Mguu wa Kwendea Kanisani

Mguu wa bandia ukiletwa karakanani, usianze kwa kumwangalia mwenye nao usoni. Ugeuze kwanza, utazame soli. Uso wa mtu una adabu. Utakwambia asante fundi, hauna shida, nautembelea kila siku, Mungu akuzidishie. Soli haina adabu hiyo. Soli inasema mtu amekwenda wapi, ameegemea upande gani, na kama amekwenda kweli.

Nawaandikia ninyi vijana mlioajiriwa juzi kwenye karakana ya Musoma, kwa sababu mlikuja nyumbani mkaniomba niwasimulie, na mimi nikiongea nachoka upesi lakini nikiandika sichoki. Mna vyeti. Nimeviona, ni vizuri, vina mihuri. Mimi niliishia darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe lilikuwa nusu, maana mwalimu aliugua na hawakuleta mwingine. Sioni haya kulisema. Nilianza nikiwa mchonga makasia pale Mwigobero, soko la kando ya ziwa, nikastaafu nikiwa mkuu wa karakana ya miguu, na katikati hapo hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hiyo mkikuta nimeandika jambo kwa maneno ya mtaani, lisomeni hivyo hivyo. Mengine sina.

Aliyenitoa Mwigobero alikuwa daktari wa jeshi, mwanamke wa Mbeya, Daktari Mwaisaka. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha, nyimbo zimeshaimbwa, na askari wa mkoa wetu waliokanyaga mabomu ya ardhini walikuwa wamerudi kwao Bunda, Butiama na vijiji vya ziwani, wamekaa na magongo yao. Yeye alipewa kazi ya kuwasimamisha tena. Alipewa na nyumba ya mabati nyuma ya hospitali, meza mbili, Landrova iliyochoka, na ahadi ya fundi kutoka Dar es Salaam. Fundi hakutokea. Basi akawa anazunguka mjini kuangalia nani anachonga nini.

Akanikuta na kasia. Akalichukua bila kuomba, akalipapasa, akaniuliza kwa nini hapa ni nene na hapa nimelipunguza. Nikamwambia hapo ndipo mkono unapochoka. Akasema huyo ndiye anamtafuta, mtu anayejua mwili unachokea wapi. Nikamjibu mimi mambo ya hospitali siyawezi, naogopa damu.

"Damu ilishakauka zamani," akasema. "Wewe njoo uone vigutu."

Kigutu ni ile sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa. Ninyi mna jina lake la chuoni. Wagonjwa wetu walisema kigutu, na daktari akasema kigutu.

Siku ya kwanza hakunipa patasi. Alinikunja mguu wa kushoto, akaufunga kwa bandeji hadi pajani, akanipa magongo na kikapu, akanituma Mwigobero nikanunue dagaa. Watu wote pale walikuwaga wananijua. Mama mmoja muuza dagaa akaniuliza nimepigana vita gani hiyo, maana jana nilimpita na miguu miwili. Mwingine akasema labda ni vita ya nyumbani kwangu. Nilirudi makwapa yamechubuka, dagaa nusu wamemwagika njiani, na nina hasira za kumtosha jirani. Daktari akaangalia kikapu, akaniambia sasa naweza kuanza kazi, na siku nitakapomwambia askari avumilie kidogo, kwapa langu litanikumbusha maana ya kidogo.

Hilo somo sijalikuta kwenye vyeti vyenu. Wekeni.

Nawaambia jingine la bure. Mguu wa bandia ni kikombe, pale kigutu kinapoingia. Vingine vyote ni kijiti cha kushikilia kikombe. Mkitaka kujua kikombe kinauma wapi, msimuulize askari, askari hasemi kinauma. Pakeni masizi ya sufuria ndani ya kikombe, mvalisheni, asimame, atembee kidogo, mvueni. Ngozi iliyopata weusi mwingi, hapo ndipo pa kupunguza. Nilikuwa navaa shati jeusi kazini kwa ajili hiyo, na mke wangu alikuwa anadhani nachoma mkaa kwa siri.

Lazima niwaeleze pia hali ilivyokuwa, la sivyo hamtaelewa kosa tulilolifanya. Miaka ile vitu vilikuwa havipo. Siyo ghali, havipo. Kwenye duka la ushirika watu walipanga foleni kwanza, kinachouzwa wakauliza baadaye. Sabuni ilikatwa vipande kwa uzi. Gundi tulichemsha wenyewe kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe, na siku ya kuchemsha gundi wagonjwa wa wodi ya karibu walikuwa wanapona ghafla, wanaomba kwenda nyumbani. Vifungo vya mikanda tulitoa kwenye mikanda chakavu ya jeshi. Soksi za kuvalisha kigutu zilifumwa na wake za askari kwa pamba ya Bunda. Kitu ukikipata ulikishika kwa mikono miwili, maana hukujua kama utakiona kingine.

Sasa Koplo Masatu.

Masatu alikuwa mtu wa Kibara, kule ziwani upande wa Bunda. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Alikuwa mwembamba, mdomo hautulii. Siku aliyofika karakanani alinitangazia kwamba mguu wake umeshapata kiwanja Uganda, yeye mwenyewe hana hata Kibara. Wenzake walikuwa wanakaa karibu naye kwenye benchi ili wacheke. Lakini nilipomuuliza anataka mguu wa kufanyia nini, aliacha mzaha.

Kaka yake, Mafuru, alikuwa mwenye mtumbwi. Kabla ya vita Masatu alikuwa mtu wa nyuma kwenye mtumbwi huo, yule anayesukuma wa mwisho na kurukia wakati wenzake wameshakaa. Mtumbwi ulikuwa umeoza, na Mafuru alikuwa anajenga mpya pale ufukweni. Na kwao kuna desturi: mtumbwi mpya unaposhushwa majini mara ya kwanza, walioutia bega siku hiyo ndio watu wake hadi uoze. Asiyesukuma hapandi. Mafuru alishasema mbele ya ukoo kwamba desturi haina koplo wala raia. Mdogo wake akiweza kusukuma, sawa. Asipoweza, atakaa nchi kavu na dagaa walioanikwa.

"Sina ubaya na dagaa, fundi," Masatu akaniambia. "Lakini sikuzaliwa kuwafukuzia kuku."

Basi nilimtengenezea mguu. Vijana, mimi sijisifu bure. Ulikuwa mguu mzuri kuliko ule aliozaliwa nao. Niliuchonga shavu, nikauchonga kifundo, nikauwekea na vidole ingawa vingekaa ndani ya kiatu. Niliusugua, nikaupaka mafuta ukapata rangi ya ngozi yake kabisa. Daktari aliuzungusha mikononi, akasema nikiendelea hivi ataomba wa kwake. Masatu alifundishwa kutembea pale barazani, sakafu ya saruji, mkono kwenye reli, na alipoondoka aliondoka kwa mwendo wa paredi. Wauguzi walitoka nje kumwangalia.

Baada ya muda akarudi na magongo. Kigutu kina kidonda. Tukamtibu, nikarekebisha kikombe, akaenda, akarudi na kidonda palepale. Na siyo yeye tu. Wengi walikuwa wanarudi hivyo. Daktari akaanza kuniangalia vibaya, na mimi nikaanza kuyaangalia masizi yangu vibaya. Nilipaka, nikapunguza, nikapaka tena. Kikombe kilikuwa sawa. Daktari akavipima vigutu, akakuta vingi vimevimba, ngozi ni laini kama ya mtu ambaye hajawahi kuvaa mguu. Haikumwingia akilini. Siku moja akanunua mafuta ya gari kwa njia anayoijua mwenyewe, akaniambia panda, tunakwenda kuwaona wanakoishi.

Tulianzia Butiama, kwa askari mmoja mfugaji anaitwa Wanzagi. Tulimkuta anachunga na gongo lake, anaruka mashimo vizuri tu kuliko mimi. Daktari akamuuliza mguu uko wapi. Akatabasamu kama mtu aliyekuwa anasubiri hilo swali. Akatupeleka ndani, akafungua sanduku. Mguu ulikuwa na kiatu chake, umefungwa kwenye kitenge cha mke wake, umewekwa kati ya blanketi jipya na cheti cha ubatizo, na dawa ya mende pembeni.

"Nimeutunza, dokta," akasema. "Hauna hata mkwaruzo."

Nikaugeuza. Soli ilikuwa mpya kabisa. Ningeweza kuyasoma maandishi ya kiwandani.

Tukalala kwa wenyeji, asubuhi tukashika njia ya Bunda hadi Kibara. Masatu alikuwa ufukweni, mke wake Nyabise ndiye aliyetupokea. Tulipomuuliza mguu, akapanda kwenye kiti, akautoa juu ya kenchi ya paa. Ulikuwa umening'inizwa pamoja na suruali ya Jumapili, umevalishwa kiatu na soksi, na kiatu kimepakwa dawa hadi unajiona. Nyabise akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaniambia kwa heshima kwamba hajawahi kuuacha ushikwe na watoto.

Masatu akaja na magongo, mchanga umemjaa. Daktari akamkalisha.

"Koplo, huu mguu unauvaa lini?"

"Jumapili, dokta. Na Siku ya Mashujaa. Na msiba mkubwa."

"Msiba mdogo?"

"Msiba mdogo naenda na magongo."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Sikumcheka yeye. Asubuhi ya kila Jumapili mimi mwenyewe nilikuwaga natoka nyumbani peku, viatu nimevishika mkononi, navivaa nikifika mlangoni pa kanisa. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Kitu kizuri ulikitunza. Sisi tulichukua kitu kizuri kuliko vyote ambavyo mtu huyu amewahi kupewa, tukampa wakati ambao hata kijiko hakipatikani, halafu tunashangaa kwa nini hakanyagii matope. Nilimweleza daktari hivyo. Akasema yeye ana sabuni ya kunukia kwenye sanduku tangu vita ilipokwisha, hajaifungua karatasi.

Ubaya wake ulikuwa huu, na alimweleza Masatu taratibu hapo hapo. Kigutu kinachokaa wiki nzima bila kubanwa kinavimba. Ngozi yake haizoei. Jumapili kinasukumwa kwa nguvu kwenye kikombe kilichotengenezwa kwa kigutu chembamba, kinachubuka wakati wa mahubiri, kinapona kufikia Jumamosi, Jumapili kinachubuliwa tena. Dawa ni kuuvaa kila siku, kidogo kidogo, kuongeza.

"Kila siku?" Nyabise akauliza. "Si utaisha?"

Wakati huo Mafuru alikuwa amefika, mtu mpana, haongei sana. Mtumbwi wake tuliuona kwa nyuma, mbavu zimeshasimama, mbao za chini zimeshapigwa. Alisema mvua zikikatika anaushusha. Akauchukua mguu wangu, akautazama vidole, akautazama na kiatu. Kisha akaurudisha kwa Nyabise kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake.

"Mguu ni mzuri," akasema. "Ni wa bwana harusi. Kwenye maji hautafika."

Masatu alikuwa anaangalia mtumbwi.

Tulipanda gari, daktari akaendesha hadi tukaikuta barabara kubwa. Halafu akaniambia, "Fundi, tengeneza mguu mbaya."

Nilidhani sijasikia. Akarudia. Alitaka mguu mbaya kiasi kwamba hakuna mwanamke atakayeutundika juu ya kenchi na hakuna mchungaji atakayetaka kuuona. Hapo mtu hatauhifadhi, atautumia. Nikamwambia mimi sijawahi kutengeneza kitu kibaya, na sitaanzia kwa mtu niliyemzoea. Akasema siyo mimi nitakayefukuzia kuku. Nikamwambia asimamishe gari nishuke. Hakusimamisha, kwa sababu breki za ile Landrova zilikuwa na maamuzi yao, na hadi Musoma hasira ilikuwa imeshanipungua.

Lakini sikumtii. Niliona nina akili zaidi. Nikasema shida ni maji, na maji mimi nayajua, nimezaliwa nayo. Nikachonga mguu kwa mbao ya mtumbwi, mwepesi, wenye uwazi ndani, shavu na kifundo kama kawaida yangu. Halafu nikauziba kama tunavyoziba mitumbwi: nyuzi za pamba ya Bunda kwenye kila mwanya, lami juu yake, nikasugua hadi tone la maji lisipate pa kuingilia. Nilijivunia sana. Nikamwita Masatu, nikamwita daktari, tukaenda Mwigobero mchana kweupe, watu wamejaa sokoni.

Masatu akaingia. Maji ya kifundo, sawa. Maji ya goti, akaanza kuwa na mashaka. Maji ya paja, mguu ukakataa kubaki chini. Ulipanda. Mguu ukatazama juu, koplo akatazama samaki. Kila akiusukuma chini ulikuwa unaibuka upande mwingine, na yeye anageuka nao. Wale mama wa dagaa waliacha biashara. Yule yule aliyeniuliza habari za vita alipaza sauti kwamba fundi sasa anauza mitumbwi ya mtu mmoja mmoja. Wavuvi wawili wakamkokota hadi nchi kavu. Akatema maji, akafuta uso.

"Fundi," akasema, "mimi niliomba mguu. Wewe umenipa mtumbwi."

Daktari alikuwa amekaa chini kwenye mchanga na koti lake jeupe, anacheka, machozi yanamtoka. Hakunikumbusha alichosema garini. Hakuwa na haja. Na mimi niliona, pale watu walipokuwa wanacheka, kwamba Masatu alicheka kidogo kuliko wote. Mvua zilikuwa zimeshapungua.

Basi nikatengeneza mguu mbaya.

Msidhani ni kazi rahisi. Nilikata mkwaju, mti mgumu, mzito, unaozama. Hakuna shavu, hakuna kifundo, hakuna vidole, gogo lililonyooka. Badala ya kuuziba nilitoboa matundu pembeni na chini ya kikombe, maji yaingie yanavyotaka na yatoke yanavyotaka, kama chujio. Ngozi sikutumia, maji yanaiozesha. Mkanda wa juu ya goti niliukata kwenye tyubu ya trekta. Chini nikaweka kitako kipana, mviringo, kama tako la sufuria, ili usizame mchangani, na chini yake nikapigilia kipande cha tairi la lori, meno yakiwa bado mazima, vile tunavyotengeneza viatu vya katambuga. Nilipoumaliza niliuweka mezani, muuguzi mmoja akapita, akauliza nani kasahau mchi wake wa kinu.

Ilinichoma kidogo. Lakini nawaambia ukweli, ubaya ule hakuna mtu mwingine mkoa mzima angeweza kuupatia.

Daktari alifanya jambo moja zaidi. Ule mguu mzuri, ambao Masatu alikuja nao, aliuchukua, akaufungia kabatini mwake, akasema utatoka siku mtumbwi utakapoingia majini. Nyabise alikuja Musoma makusudi kulalamika. Akasema, mama daktari, huyu kanisani ataingiaje na kitu hicho? Daktari akamjibu atakaa benchi la nyuma. Nyabise akasema mume wake hajawahi kukaa benchi la nyuma. Mwishowe Nyabise akauchukua ule mchi, akaufunga kwenye gunia ili watu wa kwenye basi wasiuone.

Na Masatu akauvaa. Asubuhi kidogo, kisha zaidi, kisha hadi adhuhuri. Jioni anaosha kigutu kwa maji na sabuni kidogo, anakikausha vizuri kabisa, soksi inaanikwa, ya pili inavaliwa kesho. Hayo ninyi mnawapa wagonjwa kwenye karatasi. Sisi tuliwapa wake zao, na wake zao hawapotei kama karatasi. Alipokuja kwetu mara ya mwisho kabla ya siku yenyewe, kigutu kilikuwa kimekauka, ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino. Daktari alikibonyeza kwa kidole gumba, akanitazama, akasema sasa huyo ni mtu.

Siku ya kushusha mtumbwi tulikwenda. Ufukwe wa Kibara ulikuwa umejaa. Mafuru alisimama mbele, amevua shati, anawapanga watu kwa macho bila maneno mengi. Masatu akaenda nyuma, upande wa kushoto, akaweka bega. Hakuna aliyemwambia aende na hakuna aliyemzuia. Mguu ulikuwa nje, suruali imekunjwa, watu wote wanauona. Kijana mmoja akauliza hicho ni nini. Masatu akamwambia, "Mura, hiyo ni tairi ya akiba. Sukuma."

Wakaimba, wakasukuma. Mtumbwi ukasogea, ukakwama, ukasogea. Mimi sikuwa naangalia mtumbwi. Nilikuwa naangalia mchanga. Kila alipokanyaga kile kitako kilishika, hakikuzama, kikaacha chapa ya tairi, moja baada ya nyingine, kama baiskeli inayoruka. Pua ya mtumbwi ikaingia majini. Maji ya kifundo, maji ya goti. Mwigobero balaa lilianzia hapo. Maji ya paja. Mguu haukupanda. Wenzake wakaanza kurukia, mmoja mmoja, mtumbwi ukaanza kuelea, na mtu wa nyuma akabaki peke yake na bega lake, kama alivyokuwaga zamani. Akausukuma mara moja zaidi. Akashika ukingo, akajivuta, akaingia, na ule mguu ukafuata juu ya ukingo, maji yanatoka kwenye matundu yote kama chujio la pombe.

Mafuru alikuwa amegeuka anaangalia nyuma. Alisubiri hadi maji yakaisha kutoka.

"Kaa mahali pako," akamwambia.

Masatu akakaa. Nyabise pembeni yangu alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Daktari akamgusa bega, akamwambia anaweza kuja kuchukua ule mwingine. Nyabise akasema sawa, lakini hakuna haraka.

Baada ya hapo kila mtu alitaka mguu mbaya. Wanzagi wa Butiama alikuja na gongo lake akasema anataka kama wa yule mvuvi, ila kitako kidogo, maana yeye ana mawe siyo mchanga. Nikatengeneza wa mawe. Bunda kwenye udongo mweusi nikatengeneza wenye kitako kama sahani. Biashara ilipofunguliwa na mitumba ikajaa sokoni, Masatu na Wanzagi wakawa wananunua jozi moja ya viatu, kwa sababu mmoja alibaki na mguu wa kulia na mwingine wa kushoto na namba yao ni moja. Waligombana miaka yote juu ya rangi. Samaki nao wakapata bei, viwanda vya sangara vikaja, Mafuru akajenga mtumbwi mwingine na mwingine. Daktari Mwaisaka akahamishwa kwenda Dar es Salaam, na asubuhi ya kuondoka alinipa funguo za karakana na ile sabuni ya kunukia, imekatwa nusu. Tangu hapo mkuu nikawa mimi. Siku hizi mna plastiki, mna mashine ya kupima, miguu yenu ni mepesi na siogopi kusema ni bora kuliko yangu. Lakini ni mizuri sana. Hilo ndilo linanitia wasiwasi.

Kabla sijastaafu Masatu alikuja tena. Ameshazeeka, mdomo uko palepale. Hakunisalimu. Alikaa kwenye benchi, akafungua mkanda wa tyubu, akautupa mguu juu ya meza yangu. Ulinuka ziwa. Ndani ya kikombe kulikuwa na magamba ya samaki.

"Umekwisha," akasema. "Nipe mwingine mbaya kama huu."

Nikaugeuza. Tairi lilikuwa limekwenda lote. Misumari ilikuwa imekwenda. Mkwaju wenyewe, mti ule mgumu, ulikuwa umelika upande wa ndani, pale mtu anapoegemea akisukuma. Nikamuuliza ule mzuri bado upo, akasema upo, kwenye kenchi palepale, Nyabise anaupaka dawa kila Krismasi.

"Nitazikwa nao," akasema. "Huko siendi kusukuma kitu."

Nikapaka masizi, nikampima mwingine.

Ule uliokwisha sikumrudishia. Niliupigilia ukutani juu ya meza yangu, na ndio mguu pekee niliowahi kuutundika. Bado upo hapo, mtakuwa mmeuona, mweusi, hauna umbo, una magamba. Najua mkuu wenu mpya anataka kupaka ukuta rangi na ameuliza hiyo takataka ni ya nani. Ni yangu. Mkiushusha, msiutupe kabla hamjaugeuza.